Dubai na Maskati si Mbali

Juzi nilikwenda ofisi moja ya tiketi za ndege, Nyamagana, kuulizia nauli ya Dar. Mbele yangu alikuwepo mama wa Kihaya, kanga ya msiba kiunoni. Binti yake mdogo, mfanyakazi wa ndani Maskati, alikuwa amefariki. Mkubwa yuko Dubai, kwa kazi hiyohiyo.

"Mwanangu, Dubai na Maskati kuna umbali gani?"

Karani akatazama kompyuta. "Karibu tu, mama. Ndege inatumia kama saa moja."

"Kumbe kama hapa na Bukoba! Basi dada yake aende akamlete. Kwetu maiti haisafiri peke yake."

Shemeji yake, aliyemsindikiza, akainamisha kichwa. "Pasipoti ya huyo dada anayo tajiri wake. Kakataa kumpa."

Mama akafungua kanga kiunoni, akaifunga tena, polepole.

Sisi tunaowapungia mabinti mkono uwanja wa ndege huwa tunauliza mshahara. Pasipoti itakaa kabati la nani, hatuulizi.

"Basi mdogo mpitisheni Dubai," mama akamwambia karani. "Ndege ikitua, nitampigia dada yake simu, asimame dirishani."