Jembe Halihitaji Leseni

Barua zote niliziandika mimi. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale Endarasha bila kusomea ualimu, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, mama alinifanya karani wa kundi lake. Lilikuwa kundi la kina mama ambao hawakuruhusiwa kukutana. Miaka ile ukitaka kukusanya watu uliomba leseni kwa DO, mkuu wa tarafa, hata kama mkutano wenyewe ni wa kulia.

Msitu uko juu ya mashamba yetu. Matajiri ambao hatukuwahi kuwaona sura walilimisha bangi huko ndani, na vijana wetu ndio waliopalilia na kubeba magunia. Serikali ilipotangaza vita dhidi ya bangi, risasi hazikuwafikia matajiri. Kaka yangu mkubwa aliletwa nyumbani kwa trela ya trekta, amefunikwa kwa gunia. Mdogo wetu, wa mwisho kwa mama, alikuwa naye siku hiyo. Alikimbia, akabaki msituni na wenzake. Askari walisema wazi kwamba atakayeonekana huko atapigwa risasi. Miezi michache baadaye wale vijana wakamkata mapanga askari mmoja wa msitu, jirani yetu, mtu tuliyekaa naye benchi moja kanisani.

Mama alitaka kitu kimoja tu: mwanawe aliyebaki atoke akiwa hai, apelekwe kortini kama watu wengine. Akawakusanya waliofiwa, mmoja mmoja, akiwafuata kisimani na sokoni. Walikubaliana kuomba bunduki na panga vyote viwekwe chini. Nikaandika. Nikapeleka barua kwa chifu, chifu akasema ni ya DO. Kwa DO nikaambiwa ipitie kwa chifu. Nilizunguka hivyo mpaka karani wa pale akawa ananisalimia kwa kuinua kidole, kuashiria benchi la kusubiri. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, ingawa kosa halikuwa lake.

Hatimaye DO mwenyewe akatoka nje. Akaisoma barua akiwa amesimama.

"Nyinyi ni mama wa wakulima wa bangi," akasema. "Na yule bibi wa askari aliyeuawa? Mbona jina lake haliko hapa?"

Yule mjane hakuwa ametusalimia tangu mazishi. Mama alikuwa amekwenda kwake mara mbili na kukuta mlango umefungwa, moshi unatoka jikoni.

Hapo mama akaacha mambo ya barua. Kwetu kuna ngwatio: wanawake huungana wakalimiana mashamba, leo kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba hadaiwi kitu ila kupikia waliolima. Asiyepika amekataa watu, na habari itafika mpaka mto wa mbali. Siku moja asubuhi tukaingia shambani kwa mjane, majembe begani, bila kualikwa. Viazi vyake vilikuwa vimemezwa na magugu kwa sababu mume hayupo. Hakuna aliyebisha hodi. Tuliinama tukaanza kupalilia na kuviinulia udongo.

Nililima nikiangalia paa la jiko lake. Jua lilipanda, na hakuna moshi. Mikono yangu ya chaki ikatoka malengelenge. Nilikasirika, nasema ukweli. Nilijiambia huyu mjane ana roho ya jiwe, anatuacha tumlimie halafu aturudishe na njaa.

Badala ya chakula wakaja askari wawili wa chifu.

"Hii mkutano yenu iko na leseni?"

"Hatuongei, tunalima," mama akajibu bila kuinua mgongo. "Siku hizi hata jembe iko na leseni?"

"Shamba ni ya nani?"

Mlango ukafunguliwa. Mjane alitoka na kanga kiunoni, akawatazama wale askari, ambao siku ya mazishi ndio waliobeba jeneza la mumewe.

"Ni yangu," akasema. "Na hawa ni watu wangu wa ngwatio. Mnataka kuniharibia viazi?"

Waliondoka. Akarudi ndani, na baada ya muda moshi ukatoka. Tulikula githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ambayo mahindi yake hayakuwa yameiva vizuri, na hakuna aliyelalamika. Kabla hatujainuka akaweka alama ya kidole gumba kwenye barua yangu, kuwa sahihi yake. Aliniambia, "Sitaki wengine waletwe kwa trela." Sikujua kama alimaanisha askari au vijana wetu.

Nikaipeleka barua kwa DO nikiwa na furaha ya kijinga. Nikaambiwa faili limepotea, niandike upya.

Mama hakusubiri. Wanawake waokota kuni walikuwa wameleta ujumbe kwamba mdogo wangu yuko tayari kutoka, mradi asipigwe risasi. Basi ngwatio iliyofuata ilikuwa kwenye shamba la pembeni kabisa mwa msitu. Saa nne akatoka kwenye miti, amekonda, shati limeshikana na mwili kwa uchafu. Tulimweka katikati yetu, majembe begani, tukaanza kuteremka kwenda kwa chifu. Mjane alitangulia, kwa sababu hakuna askari ambaye angempiga risasi yeye.

Tulipoliona lango la chifu, na askari wamesimama na bunduki, mjane akageuka.

"Siku ile aliyouawa baba watoto," akamwuliza mdogo wangu, "ulikuwepo?"

Mama alinishika mkono. Mdogo wangu alitazama chini.

"Nilikuwepo," akasema.

Mjane alisimama. Angetoka pembeni hatua moja tu, na kila kitu kingekwisha pale barabarani. Sisi wote tulijua, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Aliweka jembe chini, akajifunga kanga upya, akaliokota.

"Nifuate," akamwambia. "Usiachane na mgongo wangu."

Alimfikisha mpaka mezani kwa chifu, akangoja aandikwe jina, kisha akaenda zake nyumbani bila kutuaga. Mdogo wangu alifungwa, lakini alifungwa akiwa hai. Leseni ya mkutano hatujapata hadi leo.

Katika barua zangu zote, kwa chifu na kwa DO, nilikuwa nimeandika kwamba mdogo wangu hana hatia. Niliandika kwa mwandiko mzuri na hasira nyingi. Sikuwa nimemwuliza.