Fulana za Mei Mosi

Nimebangaiza kazi nyingi kuzunguka ziwa hili, nimeanika dagaa Nansio na kubeba mahindi Sengerema, lakini ni kiwanda kimoja tu cha samaki, hapa Mwanza, kilichoniita mwanafamilia. Familia ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi sisi vibarua, watoto wake, tulijazana getini, supavaiza akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe pale. Waliobaki walikuwa mayatima mpaka kesho yake. Waliochaguliwa walisimama kwenye baridi wakikata minofu ya sangara hadi samaki waishe, na samaki hawakuwa na saa ya kuisha.

Dada aliyekata minofu kando yangu alikuwa ameokotwa na kidole kile kwa miaka mingi kuliko ile aliyokaa supavaiza pale. Sasa alikuwa mjamzito, tumbo linagusa meza, na kibarua hana likizo ya uzazi. Akienda kujifungua, ndiyo basi tena.

Ikafika Mei Mosi. Wenye mkataba walikuwa wachache mno. Wangeandamana peke yao wangeonekana kamati ya harusi iliyopotea njia. Kwa hiyo vibarua nasi tukagawiwa fulana, mgongoni zimeandikwa WAFANYAKAZI WETU, FAHARI YETU. Tukapita mbele ya mgeni rasmi uwanja wa Kirumba, na meneja akapiga makofi mpaka nikadhani atalia.

Tukiwa njiani kurudi, yule dada akasema, "Mimi fulana hii sivui."

"Itanuka, dada."

"Acha inuke. Kesho naenda nayo getini. Na nyie vaeni."

Tukavaa. Asubuhi supavaiza akanyoosha kidole. "Wewe, mwenye fulana!"

"Yupi, bosi? Tunazo wote."

Hakuingia mtu. Lori la samaki likafika, likasimama nyuma yetu, maji ya barafu yakaanza kuchuruzika barabarani. Meneja akatoka.

"Mnataka nini?"

Kila mtu akaanza kukagua viatu vya jirani yake. Yule dada akamgeuzia meneja mgongo. "Soma hapo, bosi."

"Hiyo ilikuwa ya sherehe tu, mama."

"Sherehe imeisha, mfanyakazi bado yupo. Nipe mkataba, nikajifungue nirudi."

"Wengine ingieni. Huyu nitaongea naye ofisini."

Jamaa mmoja mbele yangu akainua mguu. Sauti ya mama mmoja ikamkuta hapo hapo: "Ingia tu, baba, lakini jioni usije kwangu kuomba chumvi!" Mguu ukarudi chini.

Maji ya barafu yalipofika kwenye viatu vya meneja, aliona mkataba mmoja ni nafuu kuliko lori zima la samaki. Dada akaitwa, akatoka na karatasi yake ameibana juu ya tumbo. Sisi wengine tuliambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Ukimtoa dada, nadhani ndilo pekee lililopata ajira ya kudumu siku ile.

Mei Mosi iliyofuata nilikuwa nimeshahamia kwenye kubeba zege. Nikasimama kando ya barabara kuwatazama wakipita. Fulana zao zilikuwa mpya, nyeupe, hazina hata herufi moja. Dada yangu peke yake alivaa ile ya zamani, imefifia na kutanuka tumboni. Mtoto alikuwa mgongoni, amelalia maneno yote.