Mlango Niliomfungia Patroni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Huduma ya Kompyuta hakunionyesha hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye seva ya barua pepe, iliyokuwa ikivuma peke yake ndani ya chumba cha baridi. "Odile, humu muko milango mingi," akasema. "Hapana kufungulia kila muntu yote. Uulize kwanza: uyu anafanyaka kazi gani?" Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, pale Kasapa, na nilidhani najua kila kitu. Swali lile ndilo lililonilisha mpaka nikastaafu.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, shikeni hili: kuwa na akaunti si kuwa na ruhusa ya kila huduma. Kuna huduma ya kutuma barua. Kuna IMAP, inayokuwezesha kusoma barua na kuziacha kwenye seva. Na kuna POP, inayozibeba hadi kwenye kompyuta yako na, isipoambiwa vinginevyo, kuzifuta kwenye seva. Anayefungua akaunti hiyohiyo nyuma yako hakuti kitu. Msimamizi ndiye anayeamua nani apite wapi.

Kampuni yetu ilipeleka unga Pweto na kurudi na samaki wakavu. Patroni, mwenye kampuni, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, aliiendesha kama nyumba yake: nenosiri la kila wakala, naye alikuwa nalo. Hakuna aliyeona ubaya. Mwenye nyumba atabishaje hodi kwake? Basi wakala wa Pweto, Papa Kalenga, akaanza kukosa maagizo, na malori yakawa yanarudi matupu.

"Ule Kalenga anasemaka bongo, uongo tu," Patroni akaniambia. "Tunamutumia message, anasema hapate kitu. Kesho namufukuza."

Nilimjua Kalenga: mkaidi, msumbufu, lakini si mwongo. Nilikasirika.

"Ngojea kidogo, Patron. Ikala kwa kiti."

Nikatuma barua kwenye anwani ya Pweto. Baada ya muda mfupi kompyuta ya Patroni ikalia, barua ikaonekana pale mezani kwake. Nikampigia Kalenga simu: kwake hakuna kitu. POP ya Patroni, kwa nenosiri la Kalenga, ilikuwa imeibeba barua na kuifuta kwenye seva.

"Njo mimi nakulaka message yake?" Patroni akauliza.

"Njo weye, Patron."

Siku hiyohiyo nikambadilishia Kalenga nenosiri, kisha nikafunga POP kwa wote isipokuwa yeye, maana mtandao wa Pweto hukatika ovyo na alihitaji barua zake mkononi.

"Ata mimi umenifungia?"

"Ata weye."

Alinuna wiki nzima, lakini Kalenga hakufukuzwa.

Nilipostaafu, Patroni alisimama mbele ya wafanyakazi wote. "Mama Odile, weye ni mama ya nyumba. Tutakuachia milango yote wazi." Watu wakapiga makofi.

"Hapana, Patron," nikamjibu. "Mimi nafanyaka tena kazi gani hapa?"

Nikarudi mezani kwangu, nikajifungia huduma zote, moja baada ya nyingine.

Kesho yake, nikiwa nyumbani, nilijaribu kuingia kwa simu. Seva ikanikataa. Sitaficha, iliniuma, na nilijivuna vilevile. Nikaweka simu chini, nikaendelea kukaanga samaki alioniletea Kalenga, ambaye yuko kazini Pweto mpaka leo.