Siku Niliyomlilia Mjukuu Wangu Akiwa Hai

Mimi najua kulia msiba. Nasema bila haya, kama fundi wa baiskeli anavyosema anajua kuziba pancha. Nikianza kulia hapa Manyatta, watu huacha sufuria motoni wakauliza kifo kimeingia boma gani. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini sauti hii sikupewa na mwalimu. Sisi Wajaluo kilio hicho tunakiita dengo: unamwita marehemu kwa sifa zake, unamgombeza kwa kuondoka, unakataa mbele ya watu wote kwamba amekufa. Nimewalilia wavuvi, nimewalilia wachuuzi wenzangu wa samaki, nimemlilia hata mchungaji ambaye kanisa lake lilikataza kelele makaburini. Waliokataza ndio waliolia kunishinda.

Kwa hivyo asije mtu kunifundisha kwamba aliye hai haliliwi. Nalijua hilo. Kwetu, ukimlilia mtu anayepumua umemwonyesha kifo mlango wake. Nililijua siku ile pia, na nikalia.

Ilikuwa siku ya kutangazwa matokeo ya urais. Tangu asubuhi Kisumu ilikuwa imeshika pumzi. Sikukaanga samaki, nani angenunua? Mimi hukaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki viwandani wakishatoa minofu, na wateja wangu wote walikuwa wamekaa mbele ya redio. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu, binti wa huyo binti yangu, mwenye mimba ya kwanza. Huyo mjukuu ndiye wa kwanza katika ukoo wangu kumaliza kidato cha nne. Popote nitakapomtaja, nitamtaja hivyo. Nilinuka samaki miaka yote hiyo ili yeye anuke sabuni.

Kliniki walikuwa wamemwambia wazi: mtoto amekaa vibaya, ametanguliza miguu, asithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, hospitali kubwa. Hospitali iko ng'ambo tu ya Kondele. Siku ya kawaida boda boda inakufikisha chai yako ikiwa bado na moshi.

Jina lilitangazwa jua likiwa bado juu ya ziwa. Halikuwa jina tulilolipigia kura sisi. Kwanza kukawa kimya, kimya cha mtu aliyepigwa kofi akiwa anacheka. Halafu nikasikia mabati yakigongwa, filimbi, mayowe, na kutoka Kondele mlio wa kwanza wa gesi ya machozi. Redioni wanaume wenye sauti nzuri walikuwa wakisema hapa ndipo historia ya nchi imepinda kona. Mjukuu wangu akasimama kutoka kwenye kiti. Maji yakashuka miguuni mwake hadi sakafuni.

"Dani," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, bibi. "Dani, imeanza."

Kona za historia nazijua. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa asubuhi ambayo redio ilipiga nyimbo za jeshi, kisha sauti ya mwanamume ikasema serikali imepinduliwa. Nilikuwa msichana tu, nimeolewa juzi. Mume wangu alifunga mlango kwa mti akaweka na kabati nyuma yake. Mkunga alikuwa ng'ambo ya barabara, naiona nyumba yake kupitia tundu la dirisha, na barabarani kulikuwa na wanajeshi ambao hakuna aliyejua ni wa upande upi. Hakuna aliyevuka. Mtoto alikuja kwa miguu. Alilia mara moja tu. Kufikia alasiri redio ikasema serikali haijapinduliwa, ni ileile, watu watulie. Nchi ilikuwa imegeuka na kugeuka tena, na mimi nimekaa na mtoto aliyepoa mapajani. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mume wangu aliniziba mdomo kwa kiganja ili wanajeshi wasisikie.

Basi nilipoyaona yale maji sakafuni, sikuomba. Nilivaa viatu.

Hakukuwa na boda boda. Vijana wa stejini wote walikuwa wamekwenda kuwasha tairi. Jirani yetu, mzee anayeuza maji kwa mkokoteni, alishusha mitungi yake bila kuulizwa, akatandika godoro letu juu ya mbao. "Mlaze hapa," akasema. "Nimebeba maji miaka mingi, nitashindwa na mtu?"

Tulifika hadi kizuizi cha kwanza. Mawe, nguzo ya stima, moto. Kijana mmoja mrefu, mteja wangu, ambaye akinunua mgongo wazi hutaka niongeze pilipili, akanyoosha rungu.

"Mathe, rudi. Leo hapa hapiti mtu."

"Niangalie vizuri. Ni mimi. Mtoto anazaa."

"Nakujua, mathe. Nyuma yangu kuna wenye hasira kuliko mimi. Wakiona mkokoteni wataweka tairi ya moto chini yake. Ukiwapita hao, karao wako chini ya daraja na bunduki zao, wanafyatulia chochote kinachokuja. Hata ambulansi imerudi na kioo kimepasuka. Rudi, tafadhali."

Tulirudi hatua chache, nyuma ya kibanda cha kinyozi. Uchungu ulikuwa unamjia karibukaribu sasa. Mjukuu wangu aliuma ncha ya leso asipige kelele, maana ana kiburi kama changu. Binti yangu alikuwa akimfuta jasho, akilia kimyakimya.

Nikawa nafikiri: nani hupita hapa siku kama hii? Kiongozi hapiti. Askofu hapiti. Maiti hupita. Sijawahi kuona Mjaluo akimzuia maiti njiani, hata awe amelewa, hata awe na deni naye.

"Mfunikeni," nikasema. "Hadi uso."

Binti yangu alinielewa kabla sijamaliza. "Mama, hapana. Mama, ukimlilia utamuua."

"Na nisipolia?"

"Mama, ni mtoto wangu!"

"Nami nilikuwa na wangu," nikamwambia, "nikakaa ndani nikitii."

Hakunisemesha tena hadi usiku. Lakini alimfunika. Mzee wa maji alivunja matawi ya ua, akayapanga juu ya leso, jingine akanipa mkononi. Niliinamia sikio la mjukuu wangu. "Usitikisike. Uchungu ukija, uume leso. Unasikia? Wewe hujafa. Mimi nadanganya."

"Nasikia, Dani. Fanya haraka."

Nikafungua kinywa.

Sijawahi kulia vile. Nilimwita mwenye kuandika barua za mtaa mzima, mwenye kunisomea dawa zangu, taa yangu, imenizimikia. Nikakimbia mbele ya mkokoteni na tawi langu, nikirudi, nikikimbia tena, kama tufanyavyo. Kijana mrefu alinitazama kwa mshangao, kisha rungu likashuka. Akavua kofia. Wenzake wakavua. Nguzo ikasogezwa. Tulipita kwenye moto kama kisu kwenye mahamri.

Hapo ndipo mambo yaliponiponyoka.

Maana vijana hao nao waliona maiti ya msichana ikitoka mitaani siku ya risasi, na kila mmoja akajijibu swali lake. Nilisikia mmoja akiuliza, "Nani amempiga?" na mwingine akajibu, "Nani mwingine?" Basi. Neno likaruka kichwa hadi kichwa: karao wameua msichana mjamzito. Walikuja kutoka vichochoroni, kutoka juu ya mapaa, wengine wakiwa na mawe mikono yote miwili. Wakamsukuma mzee wa maji pembeni, wakaushika mkokoteni wenyewe.

"Tuwapelekee maiti yao! Waizike wenyewe!"

Hospitali ilikuwa kulia. Wao walikwenda moja kwa moja, kwa daraja, kwa polisi.

Nilinyamaza kulia nikaanza kupiga kelele za kweli. "Yuko hai! Hajafa! Jamani, huyu mtoto hajafa!"

Na hakuna aliyeniamini, kwa sababu ndivyo kila mlia msiba asemavyo. Mimi mwenyewe nimesema hivyo juu ya majeneza mengi kuliko nywele zangu za mvi. Hajafa, amelala, mwamsheni. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo walivyolia. Kijana mrefu alinikumbatia begani, machozi yakimtoka, si ya gesi. "Pole, mathe. Wao ndio walioziba njia. Tutawaonyesha."

Niliwaona polisi wakipanga mstari chini ya daraja. Ngao mbele, bunduki nyuma. Afande wao, mtu mzima mwenye kitambi, aliinua mkono, na nikajua ukishuka kutakuwa na maiti wa kweli wa kuwalilia, na mjukuu wangu atakuwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetangulizwa. Nilishika gurudumu la mkokoteni. Liliniburuta. Binti yangu alijilaza juu ya mwanawe, mgongo wake kwa bunduki.

Basi uchungu ukaja, na leso haikutosha.

Matawi yalipaa. Maiti iliketi wima, majani kichwani, macho yamemtoka, ikapiga yowe ambalo hata mimi singeliweza. Kisha ikasema, wazi kabisa, "Dani, mguu! Mguu umetoka!"

Mawe yalianguka kutoka mikononi, nikayasikia yakigonga lami moja moja. Wengine walikimbia kweli, wanaume wazima na vifua vyao, wakikanyagana. Mmoja akaita jina la Yesu. Polisi mmoja mdogo alipiga hatua nyuma akaangusha ngao yake. Afande bado alikuwa na mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda choo.

Nikamwendea. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na tawi.

"Afande, huyu hakufa. Anazaa, na mtoto anakuja kwa miguu. Hospitali ni ile pale. Kama unataka kupiga, piga sasa, nisipoteze muda."

Alinitazama mimi, akamtazama mjukuu wangu mkokotenini. Akashusha mkono polepole, kiganja kikielekea chini, hivi, kama unavyomtuliza mbwa. "Pitisheni," akawaambia wake. "Fungueni hapo." Kisha kwangu, kwa sauti ndogo: "Pita, mama. Pita haraka."

Nyuma yangu kijana mrefu alikuwa ameshapata akili. "Njia! Toeni hiyo tairi! Wewe, shika upande huo!" Tairi inayowaka ikaviringishwa kando kwa fito. Mkokoteni ukasukumwa kulia na vijana waliokuwa wanakwenda kufa, na kwenye kile kipande cha lami kati ya pande mbili, yule polisi mdogo naye alisukuma, bunduki ikimgonga mgongoni. Hakuna aliyemrushia kitu. Walikuwa wakimsemesha kwa hasira tu: "Sukuma vizuri, bwana! Unasukuma kama umelala!"

Langoni waliachana. Nilisikia baadaye kwamba walirudi kila mmoja upande wake na gesi ikaendelea. Lakini mbali, na mawe machache, na hakuna aliyeuawa chini ya daraja siku ile. Redioni sikusikia lolote juu ya hilo. Wale wanaume wenye sauti nzuri bado walikuwa kwenye ukumbi wa kuhesabia kura, wakitafuta historia imepinda wapi.

Mtoto alitoka kwa miguu, halafu matako, halafu akakwama, na mimi niko nje ya pazia nimeshika tawi ambalo hakuna aliyethubutu kuninyang'anya. Muda ule ndio mrefu kuliko wote maishani mwangu. Nilisikia muuguzi akisema, "Haya, kichwa, kichwa." Nikasikia kimya ninachokijua. Kisha kilio. Nikangoja. Cha pili. Nikangoja bado. Cha tatu, cha hasira, kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Hapo nikakaa chini.

Nilitaka kupiga vigelegele, sauti haikuwepo. Nilikuwa nimeimaliza yote barabarani. Binti yangu ndiye aliyepiga, akiniangalia, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Tuliporudi nyumbani barabara zilipofunguka, tulikuta viti uani. Majirani walikuwa wamesikia sauti yangu, na sauti yangu haijawahi kudanganya. Walikuja na sukari, majani ya chai, kuni, hata turubai la matanga lilikuwa limefungwa kwenye kona ya paa. Walipomwona marehemu akiingia anatembea, amebeba mtoto, mwanamke mmoja alimwaga uji. Binti yangu hakumruhusu mwanawe avuke kizingiti kabla ya kuku kuchinjwa, kile kilio kiondoke kwake. Sikubishana. Kuku alikuwa wangu, tena mtagaji.

Wengi walicheka, wakanywa chai ya matanga wakampa mtoto majina ya wanasiasa, nikawafukuza na majina yao. Lakini bibi mmoja mzee kunishinda, aliyetoka Nyalenda kwa miguu, alibaki kwenye kiti chake amekasirika.

"Nimekuja kulia," akasema. "Machozi haya nimeyabeba mbali. Siyarudishi."

Nilimtazama. Nikamwambia, kwa ile sauti iliyobaki, kwamba yupo mmoja ambaye hakuliliwa. Mvulana. Alikuja kwa miguu siku redio ilipopiga nyimbo za jeshi, na mdomo wangu ulizibwa.

Bibi akavua viatu. "Alifananaje?" akauliza. "Niambie sifa zake."

Sikuwa na sifa nyingi. Nilimwambia alikuwa na nywele nyingi, na alilia mara moja. Akasema hiyo inatosha, akaanza, na binti yangu akaja akakaa kando yangu, mjukuu wake mapajani, tukaitikia.