Watu Kumi na Mmoja wa Alief

Bertila alizaliwa Bukoba, akasomea takwimu Dar es Salaam, na kufikia mwaka 2017 alikuwa Marekani, na nyumba mpya Katy, kitongoji cha Houston, na kazi katika ofisi moja ya jiji hilo iliyokadiria idadi ya watu, mtaa kwa mtaa. Mwenye duka, shule au hospitali akitaka kujua watu wanahamia wapi, alilipia jedwali. Majedwali ya Bertila yalisifiwa kwa usafi.

Agosti ya mwaka ule kimbunga Harvey kilizamisha nyumba nyingi. Miezi mitatu baadaye zahanati moja ya Alief, mtaa wa wahamiaji wengi jijini, ikataka kujua kama eneo lile bado lina watu wa kutosha, au ihame. Kazi ikamwangukia yeye. Alihesabu nyumba ambazo bado zilipokea barua, akazidisha kwa wastani wa zamani: watu watatu kasoro kidogo kwa kila nyumba. Ikaonekana robo ya watu wameondoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alipita kwa mama yake mdogo, Flaviana, hapo hapo Alief. Flaviana alikuwa akitibiwa presha katika zahanati ile, na aliifikia kwa miguu. Apatimenti yake ya vyumba viwili ilikuwa na watu kumi na mmoja: Wilbroad na mkewe na watoto, ambao nyumba yao ya mtaa wa nyuma iliingia maji, Cécile Mrundi na wanawe, na wengine ambao Bertila hakuwajua. Magodoro yalisimamishwa ukutani ili watu wapate pa kulia ndizi.

"Mtu wa Katy, karibu tujibane," Wilbroad alimtania. "Kwako chumba cha wageni kinalala peke yake, sivyo?"

Walicheka wote. Flaviana akamwomba tu asiropoke nje, maana mkataba wa nyumba uliruhusu watu wanne.

Jumatatu mkuu wa ofisi aliuliza mezani kama kuna sababu yoyote ya kuutilia shaka ule wastani. Bertila alikuwa Mwafrika pekee pale. Aliogopa wangemwona anawatetea ndugu zake, na tena, alijiambia, chakula cha Jumapili si takwimu. Angeweza kusema watu wamebanana bila kumtaja yeyote. Akajibu kwamba hakuna.

Zahanati ikahamia upande wa Katy, dakika kumi kutoka kwake. Gari la Flaviana lilikuwa limeharibiwa na mafuriko. Alipanda mabasi mawili kwa miezi kadhaa, kisha akaanza kuruka miadi, kila mara akimwambia Bertila kwamba anaendelea vizuri. Mwaka 2019 presha ikampanda, akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea na haukurudi.

Aprili 2020, wakati wa sensa, corona ilikuwa imewafungia watu ndani, hivyo Bertila akampigia simu ili wajaze fomu pamoja.

"Shikamoo mama. Mko wangapi hapo siku hizi?"

"Marahaba. Niko peke yangu. Wilbroad alihamia Dallas, Cécile alipata kwake."

Bertila aliandika moja. Kisha akamweleza yote: zahanati, jedwali, swali la mkuu wake na jibu alilolitoa.

"Nilijua," Flaviana alisema alipomaliza. "Ile ripoti ilibandikwa mlangoni pa zahanati. Wilbroad aliliona jina lako."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia kitu gani ambacho hukukiona, mwanangu? Ulikuwa umekaa hapa, unakula." Alipumua. "Endelea na maswali yako, simu inaisha chaji."

Bertila akatazama fomu. Swali la pili lilikuwa fupi, akalisoma polepole kwa Kiswahili: je, yuko mtu mwingine yeyote anayelala hapo ambaye hujamtaja, awe jamaa, au mtu aliyejishikiza kwa muda tu?

"Sasa hivi," Flaviana alisema, "hayupo."