Friji la Nesi na Pikipiki Yangu

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Endasak, na hesabu hii ilinishinda. Nilipanga nyumba ya bibi mmoja, Mama Paulina, nikitumia luku moja ya umeme na mpangaji mwenzangu, nesi wa zahanati. Nikanunua pikipiki ya umeme, nikawatambia wenzangu kwamba petroli sasa basi. Muuzaji aliniambia inakula umeme kama taa moja tu. Nikaamini, mjinga mimi.

Uniti zikaanza kuisha upesi. Nikamgeukia nesi. "Dada, hilo friji lako linatumaliza." Akalizima. Uniti zikaisha vilevile. Nikamshtaki kwa Mama Paulina kwamba analiwasha kwa siri. Nesi hakubishana. Jumamosi alipakia friji lake kwenye kigari cha kirikuu akahama, hata kuniaga hakuniaga.

Jumatano luku ikaanza tena kulia kwamba uniti zinaisha. Mama Paulina akaja mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa anautazama waya uliotoka ukutani kwangu mpaka kwenye pikipiki.

"Mwalimu," akasema, "friji limeondoka na mwenyewe. Sasa umeme wangu anakula nani?"