Kanga wa Yeyo Kakenya

Mpaka leo nikikumbuka naona aibu, na mimi si mtu wa kuona aibu ovyo. Naitwa Beverlyne, mtu wa Butere, nimeolewa na Ledama, Mmaasai wa Bisil. Tunapanga nyumba Kitengela. Mama mkwe wangu, Yeyo Kakenya (yeyo kwa Kimaasai ni mama), alibaki Bisil peke yake na mbuzi wake kumi na tisa, na kila mwisho wa mwezi mwanawe alimwimbia wimbo uleule: uza mbuzi, hama, tuishi wote. Yeyo alikuwa na jibu moja tu. "Siku nitashindwa kuchunga, mtanichukua. Sio leo."

Mama huyo, jamani! Alifiwa na mume akiwa na miaka ishirini na tisa, akakataa kurithiwa, akamsomesha Ledama kwa maziwa na shanga. Ule ukame mkubwa ukamaliza ng'ombe wake wote, hakulia mbele ya mtu. Nilipoenda kukaa naye wiki mbili za likizo nilimpata amesimama langoni, uso umeelekea njia. "Takwenya, Beverlyne!" akanisalimu kwa lugha yao kabla sijafungua kinywa. Ndiyo maana Ledama hujisifu kwamba mama yake humwona akiwa bado mbali.

Hapo bomani kulikuwa na kanga. Si wa kufugwa, wa porini, kama arobaini hivi. Asubuhi waliingia zizini wakachakura mavi ya mbuzi na kula kupe. Mchana walizunguka nyumba, na chochote kikipita, mtu au nyoka, ni kelele. Yeyo aliwatupia mahindi, na ole wako uwarushie jiwe; mimi nikadhani anawanenepesha.

Sasa mimi na kiherehere changu. Kwetu Butere mtu wa heshima hapewi sukuma wiki huku kanga wanatembea nje. Kaka zangu walinifundisha kutega nikiwa na miaka saba. Nikasema, wacha nimheshimu mama mkwe. Siku ya nne, akiwa malishoni na mbuzi, nikatega nyaya tatu kando ya zizi, nikanasa wawili. Walipiga mayowe mpaka masikio yakaniziba. Kundi lote likaruka likapotelea vichakani. Nikawapika kwa vitunguu na nyanya, nikamwandalia Yeyo akirudi.

Alinusa tu, akasukuma sahani. "Hiyo kuku yako kula mwenyewe. Sisi wazee hatukuli ndege."

Yeye hakuuliza, na mimi sikusema. Nikala peke yangu, na nilifurahia, nisidanganye.

Kanga hawakurudi. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Siku ya tatu, saa sita mchana, naosha vyombo, nikaona Yeyo anatoka nyumbani. Katikati ya njia nyoka moma amejikunja, mnene kama mkono wangu. Yeyo anakuja tu.

"Yeyo, simama!"

Akasimama, mguu mmoja juu. "Ni nini? Iko wapi?"

Iko wapi! Na iko mbele ya vidole vyake! Nilimvuta nyuma, nikampiga yule nyoka kwa jembe mpaka akafa, kisha nikapitisha kiganja mbele ya macho ya mama. Hakupepesa. 

"Yeyo, huoni?"

Akaketi chini, hapo hapo vumbini. "Tangu ule ukame. Kwanza ilikuwa ukungu, halafu basi."

"Na mbuzi? Na mimi ulinipokea langoni!"

"Mbuzi wana kengele, na njia wanaijua. Hayo mengine kanga wananiambia. Wakilia hivi ni nyoka, wakilia vile ni mtu." Akainamisha kichwa. "Sijui wameenda wapi. Sijui nani amewakosea."

Mungu wangu! Nilikuwa nimekula macho ya mtu kwa ugali. Nikachukua jembe nikaenda kumzika nyoka, na habari ya kanga sikuitaja.

Ijumaa ikanyesha. Jumamosi Ledama akaja bila kutuambia, akaacha gari barabarani kwa sababu ya matope, akatembea. Yeyo alikuwa mlangoni anachambua maharagwe kwenye uteo, redio inaimba ndani, mimi nimeketi kando yake. Ledama akasimama mbele ya mama yake, hatua mbili tu, anatabasamu, anangoja asalimiwe. Yeyo akainua uso, ukamwelekea kabisa.

"Beverlyne," akasema, "niapie. Ledama akikuja usimwambie mama yake ni kipofu. Atauza mbuzi wangu, na huko Kitengela mimi nitakufa."

Tabasamu likamgandia mume wangu usoni. 

"Mbona hunijibu?"

"Nimesikia, Yeyo," Ledama akasema.

Uteo ukaanguka, maharagwe yakatawanyika. Yeyo akageuza uso huku na huku akiitafuta ile sauti. "Ledama? Umeingia saa ngapi? Kwani kanga wangu wamekufa wote, hata mmoja hakubaki wa kuniambia mtoto wangu amefika?"

"Hawajafa wote, Yeyo," nikasema. "Ni mimi niliwatega. Wawili nilikula, wengine nikawafukuza."